Uvimbe wa Korodani Si Ugonjwa Mmoja

Mfanyakazi akijikata mguu kwa panga, saa ile ile wenzake humbeba mpaka zahanati na mnyapara huandika jina lake kitabuni. Lakini akivimba korodani hasemi. Huvaa suruali pana, huacha kuoga pamoja na wenzake kambini, huomba apangiwe kazi ya kukaa bila kueleza sababu, na mnyapara humwita mvivu. Hukaa hivyo mwaka mmoja, miaka mitatu, hata kumi. Siku anapofika kwa daktari, uvimbe umekuwa mzigo wa kubebwa, au ugonjwa umekwisha kupanda mwilini.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tumeona tulizungumze jambo hili bila kuficha, kwa sababu mbili. Kwanza, uvimbe wa korodani si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mengi yanayofanana kwa nje, na mengine yaweza kungoja miezi, lakini mengine hayangoji hata zamu iishe. Pili, iko mashine ya kuyatenganisha, isiyoumiza wala kukata, na siku hizi imefika katika hospitali nyingi hapa Uganda na kwa majirani zetu. Mashine hiyo ni altrasaundi. Wengi wanaijua kuwa ni ya akina mama waja wazito, na ndiyo maana mwanamume akiambiwa aende kupimwa kwa altrasaundi hucheka, au huona ametukanwa.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Ngiri ni utumbo au mafuta ya tumboni kupenya mahali palipo dhaifu kwenye kinena na kuteremka mpaka katika mfuko wa korodani. Busha ni maji yanayojaa kati ya ngozi mbili nyembamba zinazoizunguka korodani. Matende ni ngozi ya mguu, au ya mfuko wenyewe, kuvimba na kuwa nene na ngumu. Ni mambo matatu mbalimbali, lakini kambini yote huitwa "mshipa", na dawa ya mshipa huuzwa sokoni ndani ya chupa ya soda. Huko pwani ya Tanga na Mombasa wako wanaoamini kwamba busha huletwa na kunywa madafu. Kama ingekuwa kweli, watoto wote wa pwani wangekuwa hawatembei. Bara nako wako wasemao kwamba mtu mwenye busha amelogwa kwa sababu ya mke wa mtu, na maneno hayo ndiyo yanayomziba mgonjwa mdomo kuliko ugonjwa wenyewe.

Wenzetu wa viwandani watapenda kujua kwamba mashine hii ina asili ya kiwandani. Anayefanya kazi katika kiwanda cha sukari anaijua boila, na anajua maafa ya boila kupasuka. Tangu miaka ya 1940 wahandisi walikuwa wakipima vyuma kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Sauti inaingizwa ndani ya chuma. Ikikuta ufa, inarudi kama mwangwi, na fundi hujua ufa uko wapi bila kukata chochote. Mjini Glasgow, huko Scotland, alikuwako profesa wa magonjwa ya wanawake aitwaye Ian Donald, aliyejiuliza kama kinachofaa kwa chuma kisingefaa kwa mwili. Tarehe 21 Julai 1955 alikwenda katika kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox kule Renfrew. Buti za magari mawili zilijaa uvimbe aliokuwa amewatoa wagonjwa wake kwa upasuaji, mwingine wa nyama tupu na mwingine wa maji. Kiwandani wakampa pia pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Chombo cha kupimia nyufa za chuma kikaonyesha tofauti kati ya uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama.

Baadaye fundi kijana aitwaye Tom Brown, wa kampuni ya Kelvin & Hughes, akaunda mashine ya kupimia watu. Mwezi Juni 1958 Donald, Brown na daktari John MacVicar walichapisha matokeo yao katika jarida la madaktari la Lancet. Kati ya wagonjwa wao alikuwako mama mmoja aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani isiyotibika. Mashine ikaonyesha ni mfuko mkubwa wa maji, ukatolewa, naye akapona. Mwaka 1974 madaktari Miskin na Bain wa Toronto, Canada, walieleza jinsi ya kuipima korodani kwa mawimbi hayo hayo.

Mtu anayekwenda kupimwa hana haja ya kuogopa. Hulala chali, hufunikwa kwa nguo, na mfuko wa korodani huinuliwa kwa taulo iliyokunjwa. Mtaalamu hupaka jeli ya baridi, kwa sababu hewa huzuia sauti kupita, kisha hupitisha juu ya ngozi kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi. Sauti anayoweza kuisikia mtu haizidi mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Ya kupimia korodani huwa kati ya milioni 7 na milioni 15 hivi, ndiyo maana hatusikii kitu. Kazi yote ni kama dakika 20. Hakuna mionzi ya eksirei, wala sindano. Kwenye kioo maji huonekana meusi, na korodani yenye afya huonekana ya kijivu, laini, ya namna moja kote. Mashine nyingi zina pia kipimo kiitwacho Doppler, kinachoonyesha damu ikitembea kwa rangi nyekundu na buluu. Rangi hizo hazimaanishi damu safi na damu chafu, kama baadhi ya wagonjwa walivyodhani. Zinaonyesha tu kama damu inakijia kifaa au inakwenda mbali nacho.

Swali kubwa ambalo daktari anataka mashine imjibu ni moja: uvimbe uko ndani ya korodani yenyewe, au uko nje yake? Vidole peke yake mara nyingi haviwezi kujua. Uvimbe ulio nje ya korodani kwa kawaida si saratani. Uvimbe wa nyama ulio ndani ya korodani lazima udhaniwe kuwa saratani mpaka ithibitishwe vingine.

Tuseme asubuhi moja wanaume wanne wamekaa kwenye benchi la zahanati ya shamba la miwa, kila mmoja amevimba. Kwa nje huwezi kuwatofautisha sana.

Wa kwanza ni mkata miwa wa miaka 45 aliyekuja kutoka Lango. Uvimbe wake ni mkubwa, hauumi, na umekua polepole kwa miaka mingi. Tabibu humwingiza katika chumba chenye giza na kuweka tochi nyuma ya uvimbe. Ukiwaka mwekundu kama taa iliyofunikwa kwa karatasi, kuna maji ndani. Kipimo hicho cha tochi ni kizuri, nasi hatukidharau, kwa kuwa hakina gharama. Lakini busha la zamani huwa na ngozi nene, au maji yake yamechanganyika na damu au usaha, na hapo mwanga haupiti. Tena katika busha kubwa korodani imezama kabisa, mkono hauifikii. Altrasaundi huiona, na ni muhimu ionekane, kwa sababu kama mmoja katika kila kumi wenye saratani ya korodani huwa na maji yaliyoizunguka. Mtu akitibiwa maji bila korodani kutazamwa, ugonjwa wenyewe unabaki.

Maji ya busha hayatibiwi kwa sindano ya kuyavuta. Hurudi tena, na sindano huweza kuingiza vijidudu. Dawa yake ni upasuaji mdogo, na mgonjwa wengi wao hurudi nyumbani siku ile ile au baada ya siku chache.

Ndugu huyu wa Lango anastahili maneno zaidi, kwa sababu katika nchi zetu wenye mabusha wengi hupata ugonjwa huo kutokana na minyoo ya matende. Ni minyoo myembamba kama uzi, huletwa na mbu, nayo hukaa katika mirija inayopitisha majimaji ya mwili. Kwa mwanamume hupenda mirija ya korodani. Kwa miaka mingi madaktari walijua minyoo iko huko, ila hawakuweza kuiona ikiwa hai bila kupasua. Mwaka 1994 Fernando Amaral, Gerusa Dreyer na wenzao katika mji wa Recife, Brazil, walitangaza kwamba wameiona kwa altrasaundi, ikijinyonganyonga bila kutulia ndani ya mirija ya wanaume waliokuwa hai mbele yao. Madaktari wakaliita jambo hilo ngoma ya minyoo. Jina la mzaha, lakini lina faida: mashine ikionyesha ngoma, minyoo iko hai, ngoma ikikoma baada ya dawa, minyoo imekufa.

Jirani zetu Watanzania walishiriki katika kuitumia faida hiyo. Katika kijiji cha Kimang'a, wilaya ya Pangani, nchi ya mkonge, wanaume 72 walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005. Baadhi yao walipewa doksisaiklini kila siku kwa wiki 8, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14 altrasaundi ilipitishwa tena. Kati ya 27 waliopimwa katika kundi la dawa, 6 tu ndio waliokuwa bado na minyoo hai. Katika kundi la pili walikuwa 24 kati ya 27. Bila ile mashine, ingebidi wanaume wa Kimang'a wapasuliwe ili jibu lipatikane.

Hapa Uganda dawa za kugawiwa wananchi wote katika wilaya zenye matende zilianza mwaka 2002. Malawi, ambako bonde la Shire lenye mashamba ya miwa lilikuwa limeathirika sana, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kwamba matende hayasumbui tena umma. Lakini dawa za kugawa huzuia watu wapya kuambukizwa; haziondoi busha lililokwisha kujaa. Mwenye busha bado anahitaji kisu.

Wa pili katika benchi ni mbeba magunia. Uvimbe wake hushuka akisimama na kunyanyua, hurudi akilala, na huruka akikohoa. Hiyo ni ngiri, na mara nyingi tabibu mwenye mikono mizuri hahitaji mashine. Pale ambapo ngiri na busha vimechanganyika, altrasaundi huonyesha utumbo ukicheza ndani ya mfuko. Ngiri iliyokwama, ikauma, haitaki kurudi, na mgonjwa akaanza kutapika, hiyo ni ya kupasuliwa siku hiyo hiyo, mashine ipo au haipo.

Wa tatu ni kijana wa miaka 22 anayetumika kwenye karakana. Hana uvimbe wa kuonekana. Ana kigumu kidogo kama punje ya hindi juu ya korodani ya kulia, hakiumi, na kwa sababu hakiumi alitaka kurudi kazini. Huyu ndiye anayetutia wasiwasi kuliko wote. Saratani ya korodani huwapata zaidi vijana, tangu miaka 15 mpaka 40, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kigumu kisichouma. Kwa Waafrika ni ugonjwa wa nadra ukilinganisha na Wazungu, na unadra huo ndio unaofanya usifikiriwe. Altrasaundi ni hodari sana kuugundua. Ni nadra mno kuukosa. Kisha damu hupimwa, na ikibidi korodani hutolewa kwa kupasua kinena, si kwa kupasua mfuko. Kwa hiyo mtu asikubali kuchomwa sindano au kuchanjwa na yeyote penye kigumu cha namna hiyo, maana kunaweza kusambaza ugonjwa.

Zamani saratani hii ikishatawanyika mtu alikufa. Mwaka 1974 daktari Lawrence Einhorn wa Indiana, Marekani, alianza kuwapa wagonjwa wake dawa ya sisiplatini pamoja na dawa nyingine, na wengi waliokuwa wamekata tamaa wakapona. Leo ni mojawapo ya saratani zinazotibika vizuri kuliko zote, mradi mtu afike mapema. Na mtu huweza kuzaa watoto kwa korodani moja.

Wa nne hakai vizuri kwenye benchi. Ni mvulana wa miaka 16, mtoto wa mfanyakazi, aliyeamshwa usiku na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, akatapika. Korodani yake imejisokota, kama kamba ya ndoo kisimani, na damu haipiti. Ikisokotolewa kwa upasuaji ndani ya saa 6, karibu kila mara hupona. Baada ya saa 24 mara nyingi imekwisha kufa. Doppler huonyesha wazi korodani isiyo na damu. Lakini dalili zikiwa kama hizi, na chumba cha altrasaundi kinafunguliwa saa 3 asubuhi, asingojewe mtu wa mashine. Apelekwe kwa mpasuaji. Tunalikazia hili kwa sababu tumekwisha kusikia wagonjwa wakiambiwa "njoo kesho na karatasi ya kipimo".

Maumivu yanayokuja polepole kwa siku kadhaa, pamoja na homa au mkojo kuchoma, mara nyingi huwa ni uambukizo wa mrija wa mbegu ulio nyuma ya korodani. Hapo Doppler huonyesha damu nyingi kupita kiasi badala ya kukosekana. Hutibiwa kwa dawa, na mke naye atibiwe kama ni ugonjwa wa zinaa. Kifua kikuu nacho huweza kukaa mahali hapo kwa miezi, na kwenye kioo huweza kufanana na saratani, kwa hiyo mashine peke yake haimalizi kila kesi.

Tena mashine haina macho. Mwenye macho ni anayeishika. Picha ile ile mmoja ataona busha, mwingine ataona busha na kigumu ndani yake. Ndiyo maana tunafurahi kwamba katika hospitali ya Mengo, Kampala, iliyofunguliwa na daktari Albert Cook mwaka 1897, iko taasisi yenye jina la Ernest Cook inayofundisha wataalamu wa altrasaundi. Hospitali ikinunua mashine nzuri na kumkabidhi mtu asiyefundishwa, imenunua sanduku la taa.

Sasa tuje kwenye kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyekwisha kutumika mwezi mmoja mfululizo, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kuumia, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa kutokuwapo kwake. Anachotakiwa ni kumjulisha mwajiri mapema awezavyo, na kuwa na cheti cha daktari kikitakiwa. Upasuaji wa busha au ngiri unaingia humo. Hata hivyo wakata miwa wengi huajiriwa na makontrakta, huandikwa upya kila msimu, na siku mtu akilala hospitali jina lake hufutwa kana kwamba hakuwahi kushika panga. Viongozi wa matawi wayadai majina ya watu wa makontrakta na tarehe zao za kuanza kazi, yaandikwe na yahifadhiwe, kwa sababu bila tarehe hiyo ule mwezi mmoja wa sheria hauthibitiki.

Katika mikataba mipya tunataka kipimo cha altrasaundi kitajwe kwa jina katika matibabu anayolipia mwajiri. Maneno "matibabu ya kawaida" hayatoshi. Mahali pengine karani wa zahanati huyasoma kuwa ni panadol na dawa ya malaria. Tunataka pia nauli ya kwenda hospitali yenye mashine, na siku hiyo isikatwe mshahara.

Liko na suala la siri. Cheti kinachokwenda ofisini kinatosha kikisema fulani anahitaji siku kadhaa za kupumzika na asinyanyue vitu vizito mpaka tarehe fulani. Hakuna haja ya neno busha kuonekana mezani kwa mnyapara, likafika kambini kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mfanyakazi ana ruhusa ya kumwomba daktari aandike hivyo, na anaweza kuomba apimwe na mwanamume kama yupo. Akiona haya kutamka, amwambie tu tabibu: "Nimevimba chini, tangu mwezi fulani, inauma au haiumi." Tabibu ataelewa. Na mjumbe wa chama anayesaidia kutafuta ruhusa asimhoji mwenzake ni ugonjwa gani. Amwulize tarehe ya kwenda hospitali na tarehe ya kurudi, aziandike, azipeleke ofisini.